Kabla ya Kununua Spika Nyingine, Sogeza Hizo Ulizonazo

Naimba sauti ya nne katika kwaya ya mtaa wetu hapa Mbeya, na kwaya ndiyo iliyonifumbua masikio. Tulirekodi nyimbo zetu, nikarudi nyumbani na nakala, nikawasha redio. Siku ya kurekodi nilikuwepo, najua kila mtu alisimama wapi: akina mama wa sauti ya kwanza kushoto, sisi wa nne kulia, mwimbishaji katikati. Kwenye spika zangu hapakuwa na kushoto wala kulia. Palikuwa na rundo moja la watu, na chini yake ngurumo kama ya lori lililoachwa likiwaka nje ya geti. Tukishuka nota za chini, vikombe kabatini vinalia.

Nikaenda Mwanjelwa na nia ya kununua spika kubwa zaidi. Muuzaji akanishauri nibadilishe na amplifaya kabisa. Hela haikutosha, na hadi leo nashukuru haikutosha, maana kilichoniponya ni kusogeza vitu tu.

Spika zangu zilikaa juu ya kabati la vyombo, kila moja imesukumwa hadi kwenye kona, na sofa limebanwa ukutani upande wa pili. Sebule nyingi nilizokaribishwa, kuanzia Uyole hadi Iyunga, zimepangwa hivyo hivyo. Tunapanga ili wageni wapite na watoto wapate pa kuchezea, na ni sawa. Lakini sauti nayo inahitaji nafasi.

Anza na waya, kazi ya dakika mbili. Nyuma ya spika na nyuma ya amplifaya kuna nyekundu na nyeusi. Nyekundu iende kwa nyekundu, kote kote. Ukigeuza upande mmoja tu, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, besi zinauana na muziki unakosa kitovu. Kuhakiki ni rahisi: weka taarifa ya habari ya redio, kaa katikati. Msomaji anatakiwa asikike kutoka pale katikati ya spika mbili, mahali pasipo na kitu. Kama sauti yake imetawanyika, huijui inakotoka, rudi kwenye waya.

Baada ya hapo, ziondoe kwenye kona. Sauti nyembamba huenda mbele kama mwanga wa tochi, lakini besi husambaa pande zote, hata nyuma ya boksi. Hugonga ukuta, hurudi, hujiunga na ile inayokwenda mbele. Ukuta mmoja unaongeza besi. Kona ina kuta mbili, na ukiweka boksi chini sakafuni umeongeza ya tatu. Wengi tunaifurahia besi hiyo tukidhani ndiyo nguvu ya spika. Kumbe ni ukuta unaopiga, na hupiga nota zile zile chache kila wimbo. Sogeza sentimita 50 au 60 kutoka ukuta wa nyuma, hasa kama boksi lina tundu kwa nyuma. Umbali wa ukuta wa pembeni usilingane na huo wa nyuma. Kwangu nyuma ni 60, pembeni ni 70.

Urefu nao una maana. Ile spika ndogo ya juu, tweta, iwe usawa wa sikio lako ukiwa umekaa. Nilipima kwa futi kamba: nikikaa kwenye sofa sikio langu liko sentimita 95 kutoka sakafuni, wakati tweta juu ya kabati zilikuwa zinahutubia dari. Fundi seremala wa jirani alinitengenezea stendi mbili za mbao za paini, hizi zinazotoka Mufindi, nikamwomba aache uwazi ndani ya miguu ili nijaze mchanga mkavu. Stendi nzito haitetemeki. Vikombe siku hizi havilii.

Sasa pembetatu. Nafasi kati ya spika mbili iwe karibu sawa na nafasi kutoka kila spika hadi kichwani kwako. Kwangu ni mita 2 kati yake, na mita 2 na kidogo hadi nilipokaa. Ukizibana sana, kwaya nzima inasimama kwenye mstari mmoja. Ukizitawanya mno, katikati panabaki shimo. Kisha zigeuze kidogo kuelekea ndani. Usizilenge masikioni moja kwa moja, baadhi ya tweta huchoma. Mimi nageuza hadi nikiwa nimekaa naona ubavu wa ndani wa kila boksi, upande mwembamba tu.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni mahali pa kukaa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2. Kwa hali ya hewa yetu ya nyuzi 18 hivi, sauti husafiri karibu mita 342 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inaingia sawasawa kati ya kuta zangu mbili ni lile linalotetema mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, unatetema mara 41. Yaani chumba changu kina nota yake, na ni nota ambayo mpiga besi wa muziki wa dansi anaigusa kila mara. Wimbi hilo linavimba kwenye kuta na kufa katikati ya chumba. Kwa hiyo ukibana sofa ukutani, kichwa chako kiko pale panapovimba, ndiyo ngurumo ile. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, besi inapotea, unadhani spika imeungua. Nota nyingine zina mahali pake pa kuvimba na kufa, kwa hiyo hakuna kiti kisicho na kasoro, ila kuna kiti chenye afadhali. Kwenye chumba changu kiko mita 1.7 kutoka ukuta ulio nyuma yangu nikikaa. Kwako anza na kama theluthi ya urefu wa chumba au zaidi kidogo, halafu sogea mbele na nyuma kwa kiganja huku wimbo wenye besi inayotembea unapiga. Utapasikia.

Mke wangu hakukubali sofa libaki katikati ya nyumba, na ana haki. Tulikubaliana linakaa sentimita 40 kutoka ukutani siku zote. Nikitaka kusikiliza kwa makini, navuta kiti kimoja hadi mahali pake. Hata hizo sentimita 40 tu zimepunguza ngurumo.

Nyumba zetu za tofali, sakafu ya malumalu na dari ya jipsamu zina tatizo jingine. Piga kofi moja katikati ya sebule yako. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, ndivyo kila neno la mwimbaji linavyofanyiwa. Zulia nene sakafuni, kati yako na spika, linasaidia mara moja. Kwa kuta za pembeni tumia kioo: wewe kaa, mtoto atembeze kioo ukutani, na pale unapoiona tweta ndani ya kioo ndipo sauti inaporuka kuja kwako. Weka kitu hapo. Kitenge kimoja hakitoshi, kinalainisha tu zile sauti za juu kabisa. Sisi watu wa baridi tuna mablanketi mazito ya Juni na Julai. Likunje mara mbili, lifunike kwa kitenge kizuri, ulitundike likiachana na ukuta kwa sentimita tano. Huo uwazi wa nyuma unalifanya lifanye kazi zaidi. Rafu ya vitabu nayo ni nzuri. Mvua ikianza kupiga bati, acha, hakuna blanketi la kushindana nayo.

Wenye sabufa na spika zake ndogo mbili, msijione mmetengwa. Kosa kubwa huko ni nyaya fupi zinazokuja na boksi, ambazo hulazimisha spika zote mbili zikae juu ya meza ya televisheni, zimeshikana mabega. Nunua waya mrefu, uzitenganishe. Na sabufa yenyewe, iweke kwa muda pale unapokaa, juu ya kiti kabisa, piga wimbo wa besi, kisha wewe tambaa ukutani kuzunguka chumba. Mahali utakaposikia kila nota ya besi kwa usawa, bila moja kuvimba, ndipo pa kuiweka. Wanangu wanaipenda kazi hii, na masikio yao ni makali kuliko yangu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha sikiliza wimbo ule ule. Mimi nilitumia ule wa kwaya yetu. Jioni ya siku nilipoweka blanketi la pili, tulipofika ubeti wa tatu nilimsikia jirani yangu wa sauti ya nne, yule anayevuta pumzi kwa nguvu kabla ya kuingia. Alikuwa kulia, hatua moja nyuma, pale pale aliposimama.

Ukishapata mahali, bandika vipande vya selotepu sakafuni kwenye pembe za stendi. Siku ya kudeki kila kitu kitasogezwa.