Ndiyo, serikali ilitoa ahadi
Dada, umeuliza kama Kenya iliwahi kuwatengea wasanii pesa wakati wa korona. Ndiyo. Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi milioni 100 kutoka Mfuko wa Michezo kwa wanamuziki na waigizaji.

Tatizo ni nani wa kufikiwa. Kafyu ilikuwa imeanza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, yaani saa zenyewe za mpiga ala kutafuta riziki. Jirani yangu hapa Mombasa alikuwa akipiga kinanda harusini na hotelini, analipwa mkononi, hana karatasi hata moja ya kuonyesha. Kinanda alikiuza, akabaki na kile kitambaa cha kukifunikia kimekunjwa juu ya kabati. Iliniuma sana.

Ufaransa walikuwa na pa kuanzia: wasanii wa vibarua tayari wana bima ya kukosa kazi, ukifikisha saa 507 za kazi kwa mwaka. Mwaka 2020 serikali ilirefusha tu haki hizo hadi mwisho wa Agosti 2021. Kwetu daftari la kuandika wasanii na kazi zao lianze sasa, kabla ya janga lingine.