Mgeni kaomba Sangiovese, chupa imeandikwa Chianti

Swali: Shikamoo. Nahudumu mezani katika mkahawa wa Kitaliano hapa Malindi. Juzi mgeni aliniomba Sangiovese, nikamjibu hatuna. Akanionyesha chupa ya Chianti rafuni nyuma yangu, akauliza, "Na ile?" Niliona haya sana. Dini yangu hainiruhusu kunywa wala kuonja. Nitaijuaje zabibu hii? Halafu mbona wageni hulalamika kuwa mvinyo wetu mwekundu unawachoma kooni?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usione haya, na usionje. Nimewafundisha wahudumu kadhaa wa mji huu ambao hawajawahi kutia hata tone kinywani, na leo wageni huwatafuta wao kwanza.

Anza na maandishi ya chupa. Sangiovese ni jina la zabibu. Chianti ni jina la mahali, vilima vya Toscana huko Italia. Sisi embe huliita kwa aina yake: ngowe, boribo, dodo. Watu wa Toscana huuza mvinyo kwa jina la ardhi ulikotoka, na mara nyingi zabibu yenyewe haitajwi kabisa, ingawa Sangiovese ndiyo zabibu nyekundu inayolimwa kwa wingi kuliko zote Italia. Sheria zao ndizo zinazokuambia kilichomo. Chianti sharti iwe na Sangiovese asilimia 70 au zaidi. Chianti Classico, ile yenye alama ya jogoo mweusi, 80 au zaidi. Brunello di Montalcino ni Sangiovese tupu, asilimia 100, na haiuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno; ndiyo maana bei yake iko juu.

Hapa pana mtego. Vino Nobile di Montepulciano hutokana hasa na Sangiovese, kwa sababu Montepulciano hapo ni mji. Lakini Montepulciano d'Abruzzo hutokana na zabibu nyingine iitwayo Montepulciano, na Abruzzo ndio mkoa wake. Hata wahudumu wa miaka mingi huteleza hapo.

Sasa jicho. Mimina kidogo, inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe cha meza. Ganda la Sangiovese halina rangi nzito, kwa hiyo mvinyo wake hung'aa kama komamanga, na utaona vidole vyako upande wa pili. Ukikaa miaka, ukingo hugeuka rangi ya tofali. Cabernet Sauvignon, mvinyo wa zabibu nyingine nyekundu, ukiuweka kando yake huonekana mweusi mzito.

Kisha pua. Utakutana na cheri chachu. Kama hujui cheri inanukiaje, nenda kwa mpishi wa keki akufungulie jamu yake. Nyuma ya cheri mna majani ya nyanya uliyoyasugua vidoleni, na ule mkebe wa oregano anaonyunyizia mpishi wa piza. Nusa hivyo vitu jikoni asubuhi, kabla ya wageni, hata pua ivizoee.

Ladha unaweza kuieleza bila kuionja, kwani unavijua vyote viwili vilivyomo. Cha kwanza ni uchachu, unaojaza mate kama ukwaju. Sangiovese inao mwingi, ndiyo maana haizimwi na mchuzi wa nyanya. Cha pili ni ukakasi, unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa birikani. Huo huletwa na tanini ya maganda na kokwa za zabibu. Tanini imo pia kwenye magome ya mikandaa, yale yaliyotumika kutengenezea ngozi. Mimi ningempa mgeni Chianti changa na pweza wa nyanya bila kusita. Chakula chenye pilipili kali sitoi nao, maana pilipili na kileo huchocheana.

Kuhusu kuchoma kooni, kosa ni joto. Kauli ya "joto la chumba" ilitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya. Chumba cha Malindi mwezi wa Machi kinafika nyuzi 30, na mvinyo wa joto hilo huvukiza kileo, harufu nzuri ikapotea. Nilipokuwa kijana niliwahi kupeleka mezani Brunello iliyokuwa imesimama kutwa kando ya mashine ya kahawa. Mzee mmoja alinusa mara moja, akaisogeza glasi kando, asiseme neno. Mpaka leo namwona.

Chianti itoe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ndoo yenye barafu na maji pamoja huifikisha hapo kwa robo saa hivi. Barafu bila maji huchelewa, kwa sababu haigusi chupa yote. Friji huchukua saa moja na nusu hadi mbili, basi ziweke chupa mbili au tatu humo mapema jioni. Nawe utajua bila kipimajoto: shika shingo ya chupa, iwe na ubaridi kupita ule wa mtungi wa maji uliokaa kivulini.