Maswali ya Wasomaji: Kipigo Ndani ya Riwaya

SWALI: Kikundi chetu cha kusoma kinajadili riwaya yenye mume mpigaji. Kila tukikutana tunakwama palepale: "Kwa nini mke haondoki?" Mhakiki wa kifeministi, yaani anayesoma fasihi kwa jicho la haki za wanawake, angeisomaje?

JIBU: Mnakwama kwa sababu swali hilo linamhoji aliyepigwa na kumwacha mpigaji aende zake. Chagueni tukio moja la kipigo, ukurasa mmoja unatosha, mlisome mara mbili. Mara ya kwanza, pigieni mstari kila kitenzi cha ukatili na mwulize mtendaji ni nani. "Alipigwa" na "kofi lilimpata shavuni" ni sentensi zisizomtaja mume. Zikijazana, mtazameni msimulizi: anamkinga mwanamume, au ni mke mwenyewe ambaye bado anaogopa kumtaja? Mara ya pili, someni kinachofuata baada ya kofi. Nani anasafisha? Watoto wamesikia nini, na kesho yake nani anajifanya hakuna kilichotokea?

Kisha ondokeni kwenye kofi mkatazame fedha, ruhusa ya kutoka, marafiki waliopigwa marufuku. Katika The Color Purple ya Alice Walker (1982), riwaya iliyoandikwa kwa barua, Celie anapigwa na mumewe, lakini ukatili unaodumu zaidi ni barua za Nettie, dada yake, ambazo mume huyo amezificha sandukuni kwa miaka. Anayehesabu vipigo peke yake hatauona.

Wanawake nao msiwaonee haya. Harpo, mwana wa mume huyo, anapolalamika kwamba mkewe Sofia hamtii, ni Celie huyohuyo anayemwambia ampige. Sofia anakuja kumkabili, na Celie anakiri kwamba alisema vile kwa wivu, kwa kuwa Sofia anaweza kupigana na yeye hawezi. Wasomaji wanaotaka mhusika mwema mtupu huuruka ukurasa huo haraka. Ni kosa kubwa, maana hapo ndipo mfumodume, yaani utaratibu unaompa mwanamume mamlaka juu ya mwanamke, unaposikika ukisema kwa kinywa cha aliyeonewa.

SWALI: Ninaandika insha kuhusu mwanamke kujitambua. Je, ni lazima mhusika amwache mume?

JIBU: Si lazima, na kuondoka peke yake hakuthibitishi kitu. Anayetolewa kwa mume mkali na mwanamume mpole aliyekuja kumwokoa huenda amebadilisha mwenye nyumba tu. Tafuta mabadiliko katika namna anavyosema. Barua za mwanzo za Celie zinaelekezwa kwa Mungu na hazina saini, na humo Celie humtaja mumewe kwa "Mr." na mstari mtupu tu. Akiwa Memphis, mji aliohamia baada ya kumwacha mume, anamwandikia Nettie na kumalizia kwa jina lake, jina la biashara yake ya kushona suruali, na anwani. Weka kurasa hizo mbili bega kwa bega, unukuu kidogo kutoka kila upande, na hoja yako ina miguu. Ongeza swali la kipato: suruali hizo zinampa pesa asizoziomba kwa mtu. Baadaye mume huyo anaomba waoane tena. Celie anakataa, lakini anakubali urafiki, na wanakaa pamoja barazani wakishona. Insha inayoishia safarini Memphis hukosa sehemu hiyo, ambayo ndiyo ngumu kueleza.

SWALI: Mwanamume anaweza kufanya uhakiki huu?

JIBU: Anaweza, mradi kila dai alionyeshe kwenye ukurasa wake. Mwanamke naye anadaiwa hivyohivyo.