Leseni ya barabara haifuniki shimo lako la changarawe

Barua za mara hii karibu zote zimetoka kwa wanakandarasi wenye tenda za serikali, za kitaifa na za kaunti. Nimechagua chache.

Nimeshinda tenda ya barabara ya kaunti. Mhandisi ananiambia leseni ya NEMA (Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira ya Kenya) ni jukumu la serikali, mimi nijenge tu. Ni kweli? (Kitui)

Ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayowafikisha watu kortini. Mwenye mradi ni serikali, kwa hiyo tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya barabara yenyewe huombwa na taasisi iliyotangaza tenda. Lakini leseni ile inahusu kilichoelezwa katika ripoti iliyowasilishwa. Ikiwa kambi ya wafanyakazi, mtambo wa kusaga mawe, mtambo wa lami, machimbo ya changarawe na mahali pa kumwaga udongo havikuelezwa humo, basi havina leseni, na wewe unayevianzisha ndiwe unayepaswa kuviombea.

Itisha nakala ya leseni pamoja na masharti yake, na ripoti nzima yenye mpango wa usimamizi wa mazingira. Vitake kabla hujajaza bei. Nimeona hati nyingi za tenda ambapo mstari wa mazingira umeandikwa sifuri ili bei ya jumla ishuke. Halafu mvua inapokokota udongo hadi shambani kwa mtu, mwanakandarasi anasema hana pesa za kupanda nyasi kwenye kingo. Hana kwa sababu hakuziomba. Kamati za tenda nazo zina lawama: zikiona sifuri katika mstari huo zinapaswa kuuliza, si kufurahi.

Naweza kufyeka na kusawazisha eneo huku nikingoja leseni?

Hapana. Nimeshajibu swali hili mara nyingi, na bado linakuja likiwa limevaa nguo mpya: "kufyeka tu", "kuweka ua tu", "kuleta mitambo tu". Kifungu cha 58 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinataka tathmini ifanywe kabla ya kuanza mradi, na hata kabla ya kuugharimia. Kinaongeza kwamba kibali ulichopewa chini ya sheria nyingine hakikuondolei wajibu huo.

Mwenye shamba amekubali nichimbe changarawe kwake, tumeandikiana mbele ya chifu na nimemlipa. Bado nahitaji NEMA? (Makueni)

Unahitaji. Sahihi ya mwenye shamba inakupa ruhusa ya kuingia kwake, haikupi ruhusa ya kuchimba. Nenda ofisi ya NEMA ya kaunti, eleza ukubwa wa shimo na kiasi utakachotoa, nao watakuambia ni ripoti ya daraja gani inayohitajika. Uliza pia kuhusu kibali cha madini ya ujenzi chini ya Sheria ya Madini ya 2016, maana changarawe na mawe vimo humo.

Sasa niseme ambalo hukuuliza. Kila barabara mpya katika maeneo kame imeacha nyuma yake mashimo. Mvua za masika zikija yanajaa maji. Watoto wanaenda kuogelea, ng'ombe wanaenda kunywa, na kuna familia zimezika watoto wao kwa sababu mtu alimaliza kazi, akalipwa, akahamisha tingatinga. Mwenye shamba hakujua kudai shimo lifukiwe, na aliyelijua hilo alinyamaza. Mapatano yenu yaandike wazi: udongo wa juu uwekwe kando tangu siku ya kwanza, kingo zilazwe, shimo lifukiwe na lipandwe kabla ya malipo ya mwisho. Wahandisi wasimamizi, msitie sahihi cheti cha kukamilisha kazi kabla hamjaenda wenyewe kuyaona machimbo. NEMA ina uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira, lakini amri haimrudishi mtoto.

Ni nani anayeandika ripoti kwa bei rahisi na kwa haraka?

Sitataja mtu. Ripoti lazima iandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, na orodha yao iko wazi. Ukiletewa ripoti ya barabara ya Turkana inayozungumzia mikoko, jua umeuziwa kazi ya mwingine. Kazi inaposimamishwa katikati, mitambo inalala na mishahara inaendelea. Fanya hesabu hiyo kwanza ndipo uongelee bei rahisi.

Tunateka maji ya mtoni kwa ajili ya kumwagilia barabara. Kuna shida?

Ipo. Omba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla bauza, lori lako la maji, halijashuka mtoni.

Tulifanya mkutano mmoja, tuna orodha ya waliohudhuria na picha. Inatosha? (Lamu)

Kwa mradi unaohitaji utafiti kamili wa athari kwa mazingira, Kanuni za 2003 za tathmini hiyo zinataka angalau mikutano mitatu na walioathirika, pamoja na matangazo magazetini na redioni. Kwamba swali hili linatoka Lamu linanisikitisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na bandari mpya ya Lamu, na kukosa kuwashirikisha wananchi ipasavyo kulikuwa miongoni mwa makosa yaliyotajwa. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe hapo hapo Lamu, kwa sababu watu waliitwa kutoa maoni bila kupewa matokeo ya utafiti. Orodha ya majina inathibitisha kuwa watu walikuja. Haithibitishi kuwa walielezwa, wala kuwa walisikilizwa.

Mradi wetu unafadhiliwa na Benki ya Dunia. Mpango wa mazingira wa serikali unatutosha?

Hautoshi. Utatakiwa kuandaa mpango wako wa mazingira na jamii, ukubaliwe kabla ya kazi kuanza, na wafanyakazi wako wafungwe na kanuni za maadili. Desemba 2015 benki hiyo ilifuta mradi mzima wa barabara nchini Uganda baada ya madai kwamba wafanyakazi wa barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal waliwadhulumu wasichana wadogo kingono. Wape wafanyakazi wako mafunzo ya kanuni hizo wiki ya kwanza, kwa lugha wanayoielewa.

Mkaguzi wa mazingira ametupa amri ya kusimamisha kazi. Mhandisi wa kaunti anasema tuendelee, eti atazungumza nao. Tufanyeje?

Simamisha leo. Mwambie mhandisi akuandikie hilo agizo lake kwa barua na atie sahihi, aghalabu hataandika. Ukiona amri haikustahili, kata rufaa katika Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Mwandikie mwenye mradi siku hiyo hiyo kuhusu kuchelewa, na kama kosa ni lake, dai muda wa ziada kwa mujibu wa mkataba. Ukiendelea kuchimba, atakayesimama kizimbani ni wewe, na yule aliyekuambia uendelee hatakuwa shahidi wako.