Jibu: Je, mwenyekiti amteue katibu peke yake?

Ndugu, umeuliza kama mwenyekiti wa baraza lenu la wajitolea anaweza kumteua katibu peke yake. Mimi nasema hapana, hasa kama katibu ndiye atakayesimamia kura.

Tazama mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo endeshi huria wa kompyuta tangu 1993. Kiongozi wao huchaguliwa na wanachama kila mwaka. Katibu hapigiwi kura, lakini pia si mtu wa kiongozi: huteuliwa kwa makubaliano ya kiongozi na katibu aliyepo, kwa mwaka 1. Wasipokubaliana, suala linarudi kwa wanachama wote. Sababu ni kwamba katibu ndiye anayeendesha uchaguzi wa kiongozi na kuamua mabishano kuhusu maana ya katiba. Asipokuwa huru hapo, nani ataamini matokeo?

Ninyi mko watano tu, kwa hiyo msijitwishe taratibu nyingi. Baraza zima limpitishe katibu, muda wake uandikwe, na asigombee uenyekiti katika uchaguzi anaousimamia mwenyewe. Jambo hili la mwisho nalisisitiza sana. Nywila na kumbukumbu za vikao zishikwe na watu wawili, maana mjitolea akipata ajira mpya anaweza kutoweka kesho.