Samaki kangaja wa bluu kwenye tangi la lita 300, nimchukue au nimwache?

SWALI: Fundi habari za Mtwara. Mi nipo Lindi mjini, nina kamgahawa kangu na tangi la maji chumvi la lita 300 nimelianza Oktoba, maji nachota baharini. Ndani kuna nemo wawili na anemoni yao (yule mnyama laini kama ua), vidamseli vitatu vyeusi vyenye madoa meupe na yule kamba msafishaji mwenye mstari mweupe mgongoni. Wote wanakula vizuri, kamoja tu katika vidamseli huwa kanajikuna kwenye mawe ila hakaumwi. Juzi nimepima: amonia 0, nitraiti 0, nitreti 40, chumvi 1.029 kwa kipimo cha uzito wa maji (maji matupu ni 1.000), joto mchana 30. Maji yakipungua naongeza ya bahari. Sasa kuna mvuvi kaniambia bamvua lijalo ataniletea kangaja yule wa bluu mwenye manjano mgongoni, ukubwa wa kiganja, elfu 30. Kioo changu kimejaa ukijani naona atanisaidia kuula. Ila nasikia ni mwepesi wa kuugua. Nimchukue? Na nikiweka dawa ya kopa (shaba) mle mle kwenye tangi kwa kinga itakuwaje?

JIBU: Dada yangu salama kabisa, Mtwara joto tu. Nianze na jibu lenyewe usije ukampigia mvuvi simu kabla hujamaliza kusoma: usimchukue, bamvua hili usimchukue, na kopa usiimimine humo hata tone. Sasa nikueleze, maana sababu zangu sio hizo unazozisikia za kwamba kangaja bluu analeta magonjwa. Kweli analeta. Ila kwako wewe mi naogopa zaidi tangi kumuumiza samaki kuliko samaki kuliumiza tangi.

Turudi kwenye kile ulichokitaja kwa haraka haraka ukakipita, kidamseli kinachojikuna. Samaki hajikuni kwa raha zake. Kujikuna kwenye mawe mara nyingi ni mdudu, na mdudu wa kwanza kumshuku kwenye maji chumvi ni Cryptocaryon irritans, ule ugonjwa wa madoa meupe kama chembe za chumvi. Mdudu huyu maisha yake yapo hivi: anakaa kwenye ngozi na matamvua ya samaki siku 3 mpaka 7 anakula, akishiba anadondoka, anajibandika kwenye mchanga au mwamba anajifungia kwenye kifuko, humo anagawanyika anakuwa mamia, alafu kifuko kinapasuka wanatoka kutafuta samaki mwingine. Kifuko kinaweza kupasuka baada ya siku 3 tu na vingine vikachelewa hadi wiki nyingi, ndo maana unaona samaki kapona unafurahi kumbe wenzie wamelala chini ya jiwe wanasubiri. Na samaki waliokwisha kuugua wakapona wanapata kinga ya kiasi, wanaishi nao, doa moja leo kesho halipo, anajikuna kidogo basi. Hao ndio samaki wako. Sasa mlete humo kangaja katoka baharini jana, kachoka, ana njaa, kinga hana, na kwa jamii yote ya kangaja huyu wa bluu ndiye anayejulikana kwa kuwahi kushikwa na madoa kabla ya wengine. Wiki haiishi.

Nina ushahidi wa hili na ni wa kosa langu mwenyewe. Miaka ile naanza nilipata kangaja bluu mzuri sana, nikamwingiza moja kwa moja kwenye tangi langu la nyumbani lililokuwa na damseli "wazima" kama wako, siku ya nne madoa, siku ya sita anahema kama katoka mbio, siku ya tisa nazika, na kwa vile yeye alikuwa kama shamba la wale wadudu waliongezeka wakawarudia hata wenyeji wakafa wawili. Sikuwa na wa kumlaumu.

Hakikisha kwanza. Usiku zima taa zote, subiri nusu saa, alafu mulika na tochi ya simu kwa pembeni uwaangalie mapezi na ubavu. Ukiona vichembe vyeupe umepata jibu. Usipoviona bado sio salama sana coz wadudu wanaweza kuwa kwenye matamvua tu, angalia kama wanahema haraka.

Sasa hiyo chumvi yako. 1.029! Dada hapo penyewe ungeniandikia hiyo namba tu ningejua unaongeza maji ya bahari. Chukulia mchuzi jikoni kwako, umekolea vizuri, umesahau sufuria ikakauka kidogo, utaongeza maji yenye chumvi au maji matupu? Kinachopaa kwenye tangi ni maji matupu, chumvi yote inabaki chini, kwahiyo kila ukiongeza ndoo ya bahari unakoleza. Bahari yetu huku nje ipo 1.025, 1.026 hivi. Tangi la lita 300 kwa joto la sasa hivi linaweza kupoteza lita mbili tatu kwa siku, hiyo rudishia kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kunywa ya dumu ni sawa, au ya mvua uliyokinga kwa chombo cha plastiki moja kwa moja (ya kwenye bati usitumie, bati lina zinki na kamba wako hatapenda). Kuishusha: kila siku toa lita 6 za tangi weka lita 6 za maji baridi taratibu, siku saba utakuwa kwenye 1.025. Usishushe yote siku moja, samaki wanaweza wakavumilia ila anemoni na kamba hapana.

Na mvuvi wako atakuja na ndoo ya maji ya wapi? Kipindi hiki cha mvua mto Lukuledi unamwaga maji ya udongo kwenye ghuba yenu pale, ukichota upande wa Kitunda mvua ikiwa imenyesha unaweza kukuta chumvi imeshuka sana na maji yamechafuka, kwahiyo samaki angetoka kwenye maji mepesi akaingia kwenye 1.029 yako. Hata samaki mgumu anatikisika. Hata maji ya kubadilishia usichote hapo wakati huu, nenda sehemu iliyo wazi nje ya ghuba, chota bamvua maji yakiwa yamejaa, mbali na mto na mbali na boti, yaache kwenye pipa lililofunikwa siku nne tano na pampu ya hewa, alafu uchote ya juu tu.

Joto 30 mchana nalo. Nemo wako wanalimudu, hata baharini kaskazi maji hufika 29, 30. Lakini kangaja bluu anaishi pale mawimbi yanapovunjikia juu ya mwamba, maji yanachemka mapovu, oksijeni imejaa, na maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Umeme ukikatika saa nane usiku wa kwanza kufa ni yeye. Una pampu ya hewa ya betri? Kama huna nunua, hata bila kangaja nunua.

Ukubwa. Wa kiganja leo, akikua anapita sentimita 20, na sio samaki wa kukaa, anazunguka kutwa nzima anaguguna. Lita 300 naamini tangi lako ni kama mita 1 na 20 kwa urefu, yeye anataka mita 1 na 80 na lita 500 kwenda juu. Kwenye kadogo anakuwa mkorofi, na pale kwenye shina la mkia ana wembe kila upande, wavuvi wote wanaujua ule wembe, sio utani. Halafu ukijani wa kioo wenyewe hautauondoa, yeye anapenda mwani unaoota kama nywele kwenye mawe, ule utando wa kioo atauparua kidogo tu kisha anakuangalia umpe chakula. Dawa ya kioo ni sponji, konokono wachache wa miambani (nje ya hifadhi), na kupunguza kulisha maana nitreti 40 ndiyo mbolea ya huo ukijani. Najua mgahawani watoto wa wateja wanatupia chapati. Funika.

Kopa sasa. Kopa inamuua kweli yule mdudu ila inamuua na kamba, konokono na anemoni kwa kiwango hicho hicho au kabla yake. Na mawe na mchanga wa matumbawe yanainyonya, leo unapima unaona imeshuka unaongeza, baadae yanaitema, huwezi kujua umeweka ngapi. Kuna mteja wangu mmoja alijaribu "kidogo tu" jioni, asubuhi kamba wote wamelala ubavu. Kopa inatumika kwenye chombo cha pembeni kisicho na jiwe wala mchanga, na unapima kila siku, kwa zile za shaba huru kiwango ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, chini ya hapo haifanyi kazi, juu ya hapo unamchoma samaki, na kangaja wenyewe hawaipendi.

Ila sisi watu wa kusini tuna bahati ambayo wenzetu wa bara wanaofuga maji chumvi hawana, maji ya bahari hatuyanunui. Kwahiyo ukifika wakati wa kumleta mgeni mi nakushauri njia ya kuhamisha, haina dawa hata moja. Unakuwa na mabeseni makubwa au mapipa mawili ya plastiki ya lita 60 hivi kila moja, pampu ya hewa, vipande vya bomba la plastiki ajifiche. Samaki anaingia la kwanza siku ya 1. Kabla ya masaa 72 kuisha unamhamishia la pili lenye maji mapya kabisa, joto na chumvi vifanane, la kwanza unaliosha unalianika jua kali likauke kau na pampu yake na mabomba yake. Siku ya 4, ya 7, ya 10, ya 13. Ujanja ni kwamba wadudu waliodondoka wanahitaji angalau siku tatu kupasuka, wanapasuka wanakuta beseni limekauka au samaki kaondoka. Hii ni ya madoa meupe tu, haitibu mdudu mwingine, Amyloodinium, ambaye anaua ndani ya siku chache na vumbi lake ni laini kama la dhahabu, kwahiyo ukimaliza kuhamisha mweke peke yake mpaka zitimie siku 30 unamwangalia. Chombo hicho cha mwisho kiwe na sponji yenye bakteria wa kusafisha maji, uliyoiweka kwenye filta ya tangi zima lisilo na ugonjwa wiki nne kabla, sio lako hili la sasa tafadhali, la sivyo unamrudishia kile kile.

Na siku hiyo ukienda kwa mvuvi usilipe hujamwona akila. Beba mwani wa kijani laini ule unaoota kwenye mawe maji yakipwa, mtupie, akiguguna vizuri. Tumbo lisiwe limebonyea, macho yasiwe na ukungu, ahema taratibu. Muulize kamvua na nini. Wa dema (mtego) mara nyingi ana mikwaruzo puani ila anapona, wa wavu angalia magamba. Akikuyumbia maneno ujue, baruti huku kwetu imeua mwamba mwingi, na samaki aliyepigwa na mshindo unaweza kumwona mzuri nje wakati kibofu chake cha hewa kimepasuka, anaelea upande upande, siku mbili tatu kwisha. Muulize pia katoa wapi, maana kwa huku Mtwara Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu 2000, humo hutoi samaki wa mapambo wala jiwe kiholela, na hata nje ya hifadhi pita ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize vibali kabla ya kumtuma mtu.

Kuhusu hawa ulio nao. Kama tochi ikikuonyesha madoa una njia mbili. Kuna wanaosema lisha vizuri, maji safi, ishi nao, na kwa nemo na damseli mi siwapingi, unaweza ukakaa nao miaka, ila ukichagua hivyo sahau kangaja. Ukimtaka kangaja basi samaki wote watano wahamie mabeseni kama nilivyoeleza, tangi libaki na anemoni na kamba tu bila samaki hata mmoja siku 76, wale wadudu wakikosa samaki wanakufa. Siku 76 ni nyingi najua, wateja watakuuliza samaki wako wapi, waambie wamekwenda likizo. Na bado lita 300 ni zile zile, kwahiyo labda huo muda utumie kuuliza bei ya kioo cha tangi kubwa.

Mvuvi mwambie kwa upole kabisa asimtoe huyo kangaja, amwache kwenye mwamba wake, asikuletee ndoo mlangoni ukamwonea huruma, maana ndivyo inavyokuwa. Anza na zile lita 6 kesho asubuhi kabla ya kufungua mgahawa, na Jumapili ya wiki ijayo nitumie namba ya chumvi na uniambie tochi imeonyesha nini.