Karani amerudi kazini: mshahara na zamu

SWALI: Karani wetu wa ghala alilazwa kwa baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda mno na kushuka mno), akakosa kazi siku 50. Amerudi, anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia hizo. Tumkate mshahara? Arudi zamu ya usiku? — Meneja, Morogoro

JIBU: Msimkate. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kama hakuugua kabla ya hapo, bado yumo kwenye mshahara kamili. Mnachodai ni cheti cha daktari tu. Jina la ugonjwa lisifike kantini.

Usiku, hapana. Kukosa usingizi ni kichocheo kikubwa cha kurudiwa na wazimu wa furaha (hisia kupanda mno), na zamu za kubadilishana ni mbaya vilevile. Mpeni asubuhi, saa zilezile kila siku. Aanze nusu siku, mwongeze kidogo kidogo.

Ghala la mabati lina joto. Mwili ukikauka, lithiamu hupanda kwenye damu: apate maji muda wote. Akiumwa mgongo, msimpe diklofenaki wala ibuprofeni kutoka sanduku la huduma ya kwanza, nazo huipandisha. Akitetemeka sana, akitapika au akiyumba, huenda lithiamu imezidi: hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya kipimo cha lithiamu, damu hutolewa yakipita masaa 12 tangu dozi ya jioni, yaani asubuhi ya kazi. Mpeni ruhusa bila kununa.

Akiwa mzima, kaeni naye muandike: dalili zake za mwanzo za kurudiwa, na nani apigiwe simu.